Mapenzi na Hukumu katika Uhakiki wa Filamu: Mfano wa Roger Ebert

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hii ndiyo hoja kuu ya wale wanaomtilia shaka mhakiki anayekiri hadharani kwamba anaipenda sanaa anayoihakiki. Mpenzi, husemwa, hawezi kuwa hakimu. Kutokana na imani hiyo, uhakiki unaoandikwa magazetini kwa ajili ya mtu wa kawaida aghalabu huwekwa chini ya ule unaoandikwa vyuoni: wa kwanza huhesabiwa kuwa gumzo la mashabiki, na wa pili ndio huitwa taaluma.

Makala haya yanaichunguza imani hiyo kwa kumtazama mtu mmoja, Roger Ebert, aliyekuwa mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times nchini Marekani kwa miaka 46, tangu Aprili 1967 hadi alipofariki tarehe 4 Aprili 2013. Hoja inayotetewa ni kwamba mapenzi hayakuwa kasoro ya uhakiki wake bali ndiyo yaliyokuwa mbinu yake. Hata hivyo, mbinu hiyo iliitegemea lugha. Maneno yalipopungua, au macho yaliporidhika mapema, ndipo mhakiki huyu naye alipoita chongo kengeza.

Malezi ya mhakiki

Ebert alizaliwa tarehe 18 Juni 1942 katika mji wa Urbana, jimbo la Illinois, akiwa mtoto wa pekee wa fundi wa umeme. Yafaa kukumbuka kwamba aliingia katika uhakiki kwa mlango wa uandishi. Akiwa na umri wa miaka 15 alikuwa tayari akiandika habari za michezo katika gazeti la mji wao, na baadaye akawa mhariri wa The Daily Illini, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1965 alisoma kwa muda katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Chicago kwa masomo ya uzamifu katika fasihi ya Kiingereza. Masomo hayo hakuyamaliza. Gazeti lilimwajiri mwaka 1966, na mwaka uliofuata, kabla hajatimiza miaka 25, likamkabidhi safu ya filamu.

Mambo mawili yalitokana na malezi hayo. Chumba cha habari kilimfunza kuandika kwa wakati, kwa sentensi zilizo wazi, kwa msomaji asiyejua istilahi. Darasa la fasihi nalo lilimfunza kuisoma kazi yenyewe kwa makini kabla ya kuitolea kauli. Mwaka 1975 alitunukiwa Tuzo ya Pulitzer ya uhakiki, akiwa mhakiki wa kwanza wa filamu kuipata.

Mhakiki kama mtazamaji

Ebert alipenda kurejelea fikra ya Robert Warshow, mhakiki aliyemtangulia, kwamba mtu hutazama filamu, na mhakiki hana budi kukubali kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Maana yake ni kwamba hakuna hukumu inayotoka mbinguni. Aliyekaa gizani akacheka, akalia au akasinzia ni mtu mwenye umri, jinsia na historia, na hana haki ya kuyaficha hayo nyuma ya nadharia.

Mfano ulio bora wa msimamo huu ni yale aliyoyaandika juu ya La Dolce Vita, filamu ya Federico Fellini ya mwaka 1960. Ebert aliitazama mara nyingi, na takriban kila baada ya miaka kumi aliiandikia upya. Alipokuwa kijana, Marcello, mwandishi wa habari anayetangatanga usiku katika mji wa Roma, alimwonea wivu. Alipofikia umri wa Marcello alimwona kama mwenzake aliyenaswa katika mtego, na Ebert mwenyewe aliacha pombe mwaka 1979. Alipompita Marcello kwa umri, alimwonea huruma. Picha zilikuwa zile zile. Aliyebadilika ni mtazamaji.

Mtu anaweza kudai kwamba huo ni udhaifu, kwa kuwa hukumu inayobadilika na umri wa hakimu si hukumu. Lakini dai hilo halina nguvu kwa wanafasihi, ambao wanajua kwamba shairi alilokariri mtoto shuleni si lile lile analolielewa akiwa mzee. Tofauti ni kwamba wengi huyaficha mabadiliko hayo, na Ebert aliyatumia kama ushahidi. Msomaji wake hakupewa tu uamuzi. Alipewa pia kipimo cha yule aliyeamua, ili aweze kumpinga.

Jambo na namna ya kulisema

Kanuni ya pili ya Ebert ni kwamba thamani ya filamu haiko katika jambo inalolizungumzia, bali katika namna inavyolizungumzia. Wasomaji waliolelewa katika darasa la fasihi ya Kiswahili wataitambua hapa mizani ya fani na maudhui. Katika madarasa hayo mizani hiyo mara nyingi imetumiwa kama makapu mawili: maudhui yakaorodheshwa katika kapu moja na fani katika jingine, na mwanafunzi akaamini kwamba amemaliza kazi. Kwa Ebert hapakuwa na makapu mawili. Namna ndiyo iliyokuwa dhamira ikitenda kazi mbele ya macho.

Tahakiki yake ya Blue Velvet, filamu ya David Lynch ya mwaka 1986, inalionyesha jambo hili. Wahakiki wengi waliisifu filamu hiyo, na mwenzake Gene Siskel alikuwa miongoni mwao. Ebert aliipa nyota moja. Hakulalamika kwamba inaonyesha ukatili. Lalamiko lake lilikuwa kwamba mwigizaji Isabella Rossellini alidhalilishwa kwa dhati mbele ya kamera, ilhali filamu yenyewe ilijikinga kwa mzaha na dhihaka. Kwa maneno mengine, fani ilikuwa ikiyakana maudhui yake. Si lazima mtu akubaliane na uamuzi huo, na wengi hawakukubaliana nao, lakini ni uamuzi wenye hoja, na hoja hiyo imetolewa katika kazi yenyewe.

Makini hayo yalikuwa na darasa lake. Kwa miaka mingi Ebert alikwenda Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, ambako filamu moja ilitazamwa polepole kwa siku kadhaa katika ukumbi uliojaa watu. Mtu yeyote aliyehudhuria aliruhusiwa kupaza sauti na kutaka filamu isimamishwe. Picha ilisimama, na ukumbi mzima ukaijadili: mwanga unatoka wapi, kwa nini mhusika huyu amesimama kushoto, kitu gani kimefichwa nyuma ya mlango. Huo ni uchambuzi wa matini kwa maana kamili ya neno hilo, na ulifanywa pamoja na watu ambao wengi wao hawakuwa wanafunzi wa taaluma yoyote ya filamu.

Kidole gumba

Sifa za Ebert nje ya Chicago, hata hivyo, hazikutokana hasa na maandishi hayo. Zilitokana na televisheni. Tangu mwaka 1975 yeye na Siskel, aliyekuwa mhakiki wa gazeti pinzani la Chicago Tribune, waliketi wakabishana juu ya filamu za wiki, na katika miaka ya 1980 ubishi wao ukafupishwa kuwa ishara: kidole gumba juu, au kidole gumba chini. Siskel alifariki mwaka 1999, lakini ishara ilikwisha kuwa alama ya biashara, ikichapishwa katika matangazo ya filamu pasipo neno hata moja la maelezo.

Hapa ndipo lawama dhidi ya Ebert zina uzito. Ishara haina sentensi, wala haina kwa sababu. Ni hukumu iliyong'olewa kutoka katika lugha, na kwa hiyo haiwezi kupingwa wala kurekebishwa. Inaweza tu kutiiwa au kupuuzwa. Mtu aliyejenga kazi yake juu ya maelezo ndiye aliyewazoesha mamilioni ya watazamaji kuyaruka maelezo.

Pamoja na hayo, haki inadai upande wa pili usemwe. Kabla ya gumba kuinuliwa palikuwa na mabishano, na mabishano yale yaliwaonyesha watu wa kawaida kwamba filamu ni jambo linalostahili kutolewa hoja. Hoop Dreams, filamu ya Steve James ya mwaka 1994 kuhusu vijana wawili Weusi wa Chicago wanaotumainia mpira wa kikapu, ilipata watazamaji wengi kwa sababu wahakiki hao wawili hawakuchoka kuitaja.

Chongo na kengeza

Mwaka 2005 Ebert alieleza kwamba filamu ni kama mtambo unaomwezesha mtu kujitia mahali pa mwenzake asiye wa umri, jinsia, rangi wala nchi yake. Kauli hii imerudiwa mara nyingi kwa sifa. Ni haki basi aliyeitoa apimwe kwayo, na kipimo kilicho karibu na wasomaji wa Kenya ni Out of Africa, filamu ya Sydney Pollack iliyopigwa nchini Kenya na kutolewa mwaka 1985. Ebert aliipa nyota zote nne, akaisifu kama kisa kikuu cha mapenzi.

Kwamba filamu hiyo ina uzuri wa macho hakuna atakayebisha. Lakini mtambo wa kujitia mahali pa mwenzako ulielekezwa wapi? Mtazamaji anawekwa mahali pa Karen Blixen na mpenziwe. Wagikuyu waliolima shamba lile wamo katika picha, walakini hawamo katika mazungumzo. Hata suala la ardhi yao linapojitokeza karibu na mwisho, linajitokeza kama mtihani wa utu wa bibi huyo, anayepiga magoti mbele ya gavana kuwaombea. Nani anasema, na nani anasemewa? Hilo ni swali la namna, si la jambo. Ni swali ambalo kanuni ya Ebert mwenyewe ingemtaka aulize. Moyo uliporidhika na mapenzi na mandhari, mkazo wa mhakiki uliishia hapo.

Linganisha na jinsi alivyoipokea Moolaadé, filamu ya Ousmane Sembène ya mwaka 2004. Kichwa chake ni neno la Kifula lenye maana ya hifadhi. Mama mmoja kijijini, Collé, anafunga kamba mlangoni pa ua wake ili kuwalinda wasichana wanaokimbia kukeketwa, na hakuna anayethubutu kuivuka kamba hiyo, kwa kuwa nguvu ya neno lililotamkwa ni kubwa kuliko ya bakora. Humu hakuna mgeni anayekuja kuwasemea wenyeji; wanawake wanabishana na wazee kwa lugha yao na kwa mila yao wenyewe. Ebert aliipa nyota nne, na baadaye akaiingiza katika mfululizo wake wa filamu bora za wakati wote. Mapenzi yaliyoona nusu mwaka 1985 yaliona zaidi mwaka 2004, si kwa kuwa yalipungua, bali kwa kuwa safari hii filamu yenyewe iliwapa wahusika wake ulimi.

Sauti na kalamu

Mwaka 2006, baada ya saratani iliyoanzia katika tezi ya shingo na kuenea, Ebert alikatwa sehemu ya taya. Hakuweza tena kusema, kula wala kunywa. Mtu aliyejulikana kwa sauti yake katika televisheni alibaki na maandishi tu. Alieleza baadaye kwamba alichokikosa zaidi si chakula bali maongezi ya mezani. Kampuni moja ya Edinburgh ilimtengenezea sauti ya kompyuta kutokana na rekodi zake za zamani, lakini makao yake hasa yalikuwa katika kalamu. Mwaka 2012 aliandika tahakiki 306, nyingi kuliko mwaka wowote uliotangulia.

Katika miaka hiyo hiyo alionyesha kwamba mwenye mapenzi anaweza kujikosoa. Mwaka 2010 alidai kwamba michezo ya kompyuta haiwezi kamwe kuwa sanaa. Wasomaji walimjibu kwa maelfu, naye akakiri kwamba hakupaswa kusema juu ya kitu asichokijua kwa kukitumia. Tarehe 2 Aprili 2013 alitangaza kwamba angepunguza kazi na kuandika tu juu ya filamu azitakazo. Baada ya siku mbili akafariki.

Hitimisho

Mfano wa Ebert haufuti methali iliyotajwa mwanzoni. Unaielekeza mahali pake. Hatari ya mhakiki haiko katika kupenda, bali katika kupenda bila kueleza. Alipoeleza, hata makosa yake yaliweza kuonekana na kujibiwa, kama ilivyowezekana kufanywa hapa kuhusu Out of Africa. Alipoinua kidole tu, hapakuwa na cha kujibu. Uhakiki wa vyuoni nao haujasalimika kwa sababu ya kujitenga na mapenzi: istilahi inayorudiwa bila kuitazama kazi yenyewe ni kidole gumba cha namna nyingine. Anayetaka kuwafunza wengine kuhakiki, iwe filamu, tamthilia au utenzi, hana budi kuwafunza kwanza kupaza sauti na kusema: simamisha hapo, turudie tuone.