Ukwapi na Utao wa Usukani: Kusoma Umbo la Vishikio vya Joto

Mwendesha bodaboda anayeondoka Njombe alfajiri ya Julai kwenda Makete huanza kufa ganzi vidoleni. Hewa ikiwa nyuzijoto 10, upepo wa mwendo wa kilomita 60 kwa saa huifanya ngozi isikie baridi kama ya nyuzi 5. Kidole kilichokufa ganzi huchelewa kushika breki. Ndiyo maana vishikio vya joto vya bei nafuu si pambo, na vinastahili kusomwa kama tusomavyo shairi. Maudhui yake ni neno moja tu, joto. Yaliyobaki yote ni fani.

Seti ya bei ya chini huwa na vipande viwili vya utando mwembamba wenye nyuzi za kupasha joto, swichi, fyuzi na nyaya. Utando hubandikwa kwenye usukani, kisha mpira wa kushikia hurudishwa juu yake. Ukivitazama mezani, vipande hivyo ni pacha, na hapo ndipo msomaji wa haraka hupotea. Mshororo wa shairi la kimapokeo una ukwapi, kipande cha kwanza, na utao, kipande cha pili: mizani nane kwa nane, lakini kina cha kati aghalabu si kina cha mwisho. Usukani nao ndivyo ulivyo. Mizani ni sawa, vina ni viwili.

Kushoto, upande wa klachi, utando hulala juu ya bomba tupu la chuma. Chuma hulinywa joto na kulitawanya kabla halijafika kiganjani. Kulia, upande wa mafuta, utando hukaa juu ya mrija wa plastiki unaozunguka, na plastiki hupitisha joto kwa shida, hivyo sehemu kubwa huenda mkononi. Pande zote mbili zikipewa umeme sawa, mkono wa kulia utaona moto ilhali wa kushoto bado unatetemeka. Mtengenezaji aliyelijua hili huupa upande wa kushoto wati nyingi zaidi na kuandika kila kipande upande wake. Tafuta maandishi hayo kabla ya kuuliza bei. Seti isiyo nayo bado yaweza kuokolewa: fundi akilivisha bomba la kushoto mpira mwembamba wa kuzuia joto, ukwapi hupata kina chake.

Upande wa kulia una sharti zito zaidi. Mrija wa mafuta huzunguka, na waya hauna budi kuzunguka nao. Waya uliokazwa au kupitishwa vibaya huzuia mrija kurudi, na pikipiki huendelea kukimbia baada ya mkono kuachia. Hapo uzuri na usalama ni kitu kimoja: waya uwe na mkunjo mdogo, uliolegea bila kuning'inia. Kata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Kila mara vuta mafuta uachie. Mrija usiporudi wenyewe kwa kasi, kazi haijakamilika.

Umeme ndio pumzi ya umbo hili. Seti inayotumia ampea 3 kwenye volti 12 hula wati 36. Taa kubwa ya pikipiki nyingi ndogo ni wati 35. Kwa hiyo kufunga vishikio hivi ni kama kuongeza taa kubwa ya pili. Ukivisahau vikiwaka huku injini imezimwa, betri ya ampea-saa 5 haifiki saa mbili. Basi fundi auchukue umeme baada ya swichi ya ufunguo, kwa kupitia rilei, ili ufunguo ukizimwa na joto lizimike. Fyuzi nayo ikae karibu na betri.

Hata hivyo, umbo hili lina upungufu ambao fundi hawezi kuuziba. Joto huingia kiganjani, ilhali upepo hupiga mgongo wa mkono na ncha za vidole. Waendesha pikipiki wengi wa nyanda za baridi walishalijibu hilo kwa kuvika usukani mifuko mizito ya kukinga mikono. Mfuko huzuia upepo lakini hautoi joto. Utando hutoa joto lakini hauzuii upepo. Kila kimoja peke yake ni nusu ya mshororo.

Hukumu yangu ni hii: vishikio vya bei nafuu vinafaa, mradi pande zake mbili zimetofautishwa na waya wa kulia uko huru. Mwenye fedha kidogo aanze na mifuko, kisha aongeze joto. Na wewe unayefungiwa leo, usiondoke kwa fundi kabla hujavuta mafuta kwa mkono wako mwenyewe, ukaachia, ukaona mrija unarudi.