Mkono Unaosoma Ngozi

Mwezi wa Juni ukishuka basi Makambako alfajiri, unatafuta kwanza koti, halafu chai. Barabara ya kwenda Njombe inapanda na kuingia kwenye ukungu, miti ya mbao huku na huku, na ukifika mjini umekaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Akina mama sokoni wamevaa sweta juu ya sweta na kujitanda kitenge. Jua likichomoza watu hulikimbilia, wakaliota kama moto.

Jua hilo la kuota ndilo linalonitia wasiwasi. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi, na wingu jepesi halizuii sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Bondeni mtu huhisi ngozi inawaka akakimbilia kivuli. Huku juu upepo wa baridi humpoza, naye anaungua bila habari. Mwenye ngozi nyeusi anayo kinga aliyozaliwa nayo. Mtu mwenye ualbino hana, na kila asubuhi anayopalilia viazi bila kofia inaandikwa mwilini mwake, itadaiwa miaka kumi baadaye.

Wapo watu wanaojua kuyasoma maandishi hayo. Ni matabibu wa ngozi, wengi wao maofisa tabibu waliorudi shule, na kazi yao nimeitazama kwa muda mrefu nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa.

Mtabibu mzuri haanzi na ngozi. Anaanza na salamu: mzee anapewa shikamoo, Mbena anapewa “kamwene”, na mtoto anaulizwa jina kabla mama yake hajaulizwa shida. Kisha maswali yanayoonekana kama ya kupitisha muda. Unalima nini? Unatoka nyumbani saa ngapi? Shuleni unakaa dawati la mbele au la nyuma? Swali la dawati ni la macho. Ualbino hudhoofisha uoni na huyafanya macho yachezecheze, na mtoto asiyeona ubao huitwa mzito wa kuelewa wakati tatizo ni dawati. Akishajibiwa ndipo anavuta kiti karibu na dirisha, anaomba kofia ivuliwe, na mikono inaanza safari.

Safari hiyo ina njia yake. Utosini kwanza, nywele zikigawanywa kwa vidole mstari baada ya mstari. Paji la uso, pua, mashavu. Kingo za masikio, halafu nyuma ya masikio, mahali ambapo mgonjwa mwenyewe hajawahi kupaona. Mdomo wa chini, ambao huelekea juu na kupokea jua kuliko wa juu. Shingo kwa nyuma, kifua pale ukosi unapoishia, migongo ya mikono. Na hapa ndipo ufundi ulipo: vidole vinatangulia macho. Gamba la mwanzo, lile ambalo likiachwa linaweza kugeuka saratani, mara nyingi halionekani hata mwangani. Ila ukipitisha ncha ya kidole, ngozi iliyokuwa laini inakwaruza kama msasa. Mtabibu husimama hapo, hurudi nyuma nusu sentimita, hupita tena. Nimemwona mmoja amefumba macho kabisa akisikiliza kwa kidole.

Anachokipata hukichora. Kwenye faili kuna picha ya mwili, mbele na nyuma, naye anaweka nukta, anapima kwa milimita, anaandika tarehe. Doa la kahawia lisilo na ukwaruzo huliandika na kuliacha, maana watu wengi wenye ualbino wa aina iliyozoeleka kwetu huota madoa hayo. Kidonda ambacho hakijapona kwa mwezi mzima hakiachi. Kwenye ziara ijayo anafungua mchoro wa zamani kando ya ngozi ya leo, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo habari anayoitafuta. Mtu anayeiona ngozi yako mara moja hajui mengi. Anayeiona kila baada ya miezi michache kwa miaka anajua jambo ambalo hakuna mashine itakayomwambia.

Ufundi huu una shule yake. Mwaka 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianzishwa katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kikiongozwa mwanzoni na Profesa Henning Grossmann. Wazo lilikuwa la busara: madaktari bingwa wa ngozi hawatatosha nchi hizi kwa muda mrefu, basi wafundishwe matabibu wanaokaa wilayani, kwa miaka miwili, wakarudi walikotoka. Wamefunzwa hapo watu wa nchi nyingi za Afrika.

Kabla ya hapo, Dar es Salaam, Dk. Jeff Luande alikuwa akiwaandikisha na kuwafuatilia watu wenye ualbino katika hospitali ya Ocean Road. Mwaka 1985 yeye na wenzake walichapisha walichokiona: jua huanza kuharibu ngozi hiyo tangu utotoni, na saratani huwafikia watu wakiwa bado vijana. Miaka kumi baadaye, 1995, jina lake likatokea tena, safari hii kwenye utafiti wa vinasaba uliofanywa na Richard Spritz wa Marekani na wenzake. Walichunguza Watanzania 13 wasio ndugu. Kila mmoja alikutwa na hitilafu kwenye jeni moja, OCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15, na katika asilimia 77 hivi ya nakala zenye hitilafu, kosa lilikuwa lilelile: kipande cha herufi 2,700 hivi kimedondoka. Kipande hichohicho kimekutwa kimepotea Kamerun, Zimbabwe na Afrika Kusini. Kwa hiyo hilo ni jeraha la zamani sana, la babu au bibi mmoja wa kale, lililosafiri na wajukuu zake wakati watu wetu wakisambaa barani.

Kazi ya maabara nayo ina mikono yake. Damu kidogo, DNA inatolewa, sehemu ile inanakiliwa mara mamilioni, kisha inamwagwa kwenye jeli na umeme unapitishwa. Vipande vifupi hukimbia mbele, virefu hubaki nyuma. Mwenye nakala mbili nzima huonyesha mstari mmoja, mwenye nakala mbili zilizopungukiwa kile kipande huonyesha mstari mmoja mahali pengine, na yule mwenye moja ya kila aina huonyesha yote miwili. Huyo wa mistari miwili ni mweusi kama jirani yake na hajui kitu. Utafiti ule ulitaja mtoto mmoja kati ya 1,400 kuzaliwa na ualbino huu Tanzania. Ukipiga hesabu, wabebaji ni kama mtu mmoja kati ya 19. Basi la abiria 60 linalotoka Makambako kwenda Njombe lina watatu. Kati ya magonjwa ambayo dunia inayahesabu kuwa adimu, hili kwetu limekaa siti ya jirani.

Hesabu hiyo kumweleza mama aliyejifungua juzi ni ufundi mwingine, na pengine ndio ninaouheshimu kuliko yote. Nilimwona muuguzi mmoja akiufanya kwa mahindi. Alikuwa na vikombe viwili, cha baba na cha mama, kila kimoja na punje moja ya njano na moja nyeupe. Akamwambia mama achomoe moja huku, moja kule, bila kuangalia. Njano na njano. Akazirudisha. Njano na nyeupe. Akazirudisha tena. Mara ya nne au ya tano zikatoka nyeupe mbili, na mama akanyamaza. “Kwa hiyo na baba yake amechangia,” akasema baadaye, polepole. Mumewe alikuwa kando, kichwa ameinamisha. Wakati wote huo muuguzi hakusema lolote kuhusu uaminifu, wala laana, wala mizimu. Mahindi yalisema.

Kilichonishika ni kule kuzirudisha punje kila mara. Wengi wanaosikia kwamba uwezekano wa kutoka nyeupe mbili ni “robo” hudhani kwamba akishazaliwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba inachomoa upya kutoka vikombe vilevile. Muuguzi hakulieleza hilo kwa maneno. Mkono wa mama wenyewe ulilijua baada ya kurudisha punje mara kadhaa.

Baada ya maelezo ni kinga. Pale KCMC hutengenezwa krimu ya kujikinga na jua iitwayo Kilisun, kazi iliyoasisiwa na mfamasia Mhispania Mafalda Soto. Naitaja kwa sababu ilifikiriwa kwa ajili ya ngozi hii na jua hili, na bado inataka mwalimu. Mtabibu humfundisha mtu kuipaka mbele yake: masikio, nyuma ya shingo, na kurudia adhuhuri. Humkumbusha pia kwamba kupaka krimu hakumpi ruhusa ya kukaa juani kutwa. Kwanza kofia na mikono mirefu, krimu baadaye.

Magamba yaliyokwisha kuota hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ile yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Njombe wanaijua, maana ndiyo inayohifadhi mbegu za uhimilishaji. Tatizo lake ni kwamba haingoji: hata ndani ya mtungi wake inachemka na kupotea siku baada ya siku, hivyo anayesafiri nayo kwenye huduma ya mkoba hupanga vituo vyake kwa kuuhesabia mtungi. Puliza sekunde chache, ngozi inafanya weupe wa barafu, mpaka wake unatanuka kidogo nje ya gamba, acha. Ukizidisha umeumiza ngozi nzima. Ukipunguza gamba litarudi. Hakuna saa inayotumika. Anaangalia ule weupe unavyotambaa.

Wengi wakisikia Mchuchuma, huko wilayani Ludewa, hufikiria makaa ya mawe, zile tani milioni 428 zinazotajwa kila mradi unapozungumzwa. Mimi hufikiria umbali. Mama wa vijiji vya huko, mtoto mgongoni, anatembea hadi kwenye usafiri, anafika Ludewa, anaendelea hadi Njombe, na safari yenyewe ya kwenda kutibiwa jua inafanyika juani. Ndiyo maana mtabibu anayemaliza foleni hafungi mlango akisikia kuna mtu wa Ludewa hajafika. Nimewaona wakingoja, chai imepoa, mtungi unavuja baridi yake.

Siku moja aliyechelewa alikuwa mzee muuza viazi wa kando ya barabara. Sikio lake la kulia lilikuwa safi. La kushoto lilikwaruza ukingoni kote. Mtabibu akakipitisha kidole mara mbili, akaenda la kulia, akarudi la kushoto.

“Baba, kofia yako naomba niione.”

Ilikuwa nzuri, ukingo mpana, haijakunjwa popote. Akaigeuza geuza, akamrudishia.

“Kibandani unakaa umeelekea wapi?”

“Barabarani. Jua linatokea mbele yangu.”

Akafikiri kidogo. Anayeelekea mashariki, kushoto kwake ni kaskazini, na miezi ya baridi huku kwetu jua la mchana hupita upande wa kaskazini, limeinama kiasi cha kupenya chini ya ukingo wa kofia. Akagandisha magamba matatu, akaandika milimita zake. Kisha kwenye kadi ya mzee, chini ya mchoro wa sikio, akachora kibanda kidogo chenye gunia limetundikwa ubavuni, na mshale unaoonyesha kaskazini.