Kitabu cha Fotokopi

Ukitoa deni na sanduku la bati, kitu pekee nilichorudi nacho kutoka chuo ni kitabu kisicho na mwandishi. Kurasa mia mbili na ushee, zimefungwa kwa waya wa plastiki, kava ya manjano, na juu yake jina la kozi: utangulizi wa sosholojia. Lekchara alikuwa amemwachia mama wa fotokopi nje ya geti nakala moja, tukaambiwa kila mtu akatoe yake na kwamba mtihani wote utatoka humo. Kurasa nyingine zimekaa upande. Nyingine zimekatwa neno la mwisho la kila mstari, kwa hivyo unamsoma Max Weber ukijijazia mapengo, kama zile kazi za darasa la nane.

Nilisoma mihula mitatu nikaacha, mwaka wa 2022. Kitabu kiko hapa Bula Pesa, juu ya kabati, na nadhani nimekisoma mara nyingi kuliko wengi waliomaliza digrii. Sijisifu, ni vile sikuwa na kingine. Lakini ukikaa na kitabu kimoja miaka mitatu unaanza kuona kilivyoshonwa, na hapo ndipo ugomvi wangu nacho ulipoanza.

Wacha nikitetee kwanza. Sosholojia ya mwaka wa kwanza inafundishwa kwa vitabu vya aina mbili. Kuna kile kinachokuelezea kila kitu kwa sauti moja: Haralambos, kilichotoka 1980, na baadaye Giddens, 1989. Hivyo ndivyo makomredi wengi wanavyobeba kwapani. Halafu kuna mkusanyiko, ambapo mhariri anachagua vipande vya watu mbalimbali, anavipanga, kisha anakaa pembeni. Mimi niko upande wa mkusanyiko. Haralambos anakwambia Davis na Moore walisema hivi, Tumin akawapinga hivi, haya, andika, alama kumi. Unakariri ugomvi bila kusikia mtu yeyote akigombana. Kwenye mkusanyiko unakutana na Davis na Moore wenyewe, mwaka wa 1945, katika kurasa chache zilizojaa uhakika wa ajabu, wakikuambia kwamba hakuna jamii isiyo na matabaka, na kwamba kazi muhimu na ngumu lazima zilipwe zaidi ili wenye uwezo wazikimbilie. Nilisoma hiyo kitu kitandani hosteli nikakasirika hadi nikaamka kutembea. Muhtasari haujawahi kunikasirisha.

Sasa shida. Kitabu chetu kilikuwa na Davis na Moore. Tumin hakuwemo. Tumin aliwajibu mwaka wa 1953, kwenye jarida lilelile, na mojawapo ya maswali yake ni rahisi kabisa: kama mtoto wa maskini hapati nafasi ya kujaribiwa, mtajuaje kwamba hana kipaji? Mimi nilimjua Tumin baada ya kuacha chuo, kwenye simu, kwa bando ya usiku. Yaani muhula mzima watu mia tatu walisoma kwamba walioko juu wako juu kwa sababu jamii inawahitaji, na jibu lilikuwepo, limechapwa, lakini halikutolewa fotokopi. Sidhani mtu alikaa akapanga njama. Nadhani kuna siku mtu alihesabu kurasa, akaona gharama, akapunguza. Hata hivyo kilichopunguzwa kilitufundisha kitu.

Kipande kinachopendwa kuliko vyote katika mikusanyiko ya aina hii ni kile cha Horace Miner kuhusu Wanacirema, cha 1956. Kama hujakisoma: anaeleza kabila moja lenye ibada za ajabu za mwili, kila nyumba ina madhabahu yenye kisanduku cha dawa ukutani, na watu huenda kwa mganga wa vinywa kuteswa kwa hiari yao. Unaenda hivyo hadi ushtuke kwamba Nacirema ni neno American lililogeuzwa, na madhabahu ni bafu. Darasani kwetu kicheko kilichelewa. Lekchara ilibidi aeleze. Wakati huo niliona aibu, nikadhani sisi ni wazito. Siku hizi nafikiri tofauti. Ule mzaha unahitaji msomaji ambaye hajawahi kuandikwa kwa sauti ile. Mwanafunzi wa Ohio anashtuka kujikuta yeye ndiye kabila. Kule nyuma tulikaa mimi wa Isiolo, rafiki yangu wa Maralal na kijana mmoja wa Lodwar, na sisi tumekuwa kabila tangu zamani. Paul Spencer aliwaandika Wasamburu mwaka wa 1965 kama mfano wa utawala wa wazee, kitabu kizima. Kwa hiyo makala inayomwangusha Mmarekani kitini inatupigapiga tu bega: poleni, leo ni zamu yao.

Bado naipenda. Ningeiacha ndani. Ila ningeweka ubavuni mwake ukurasa mmoja wa Spencer, ulioandikwa bila mzaha, kisha rafiki yangu wa Maralal apewe dakika kumi aseme ni wapi ameandikwa vizuri na ni wapi ameandikwa ovyo.

Ukitaka kuujua mkusanyiko, usianze na majina ya waandishi. Angalia vichwa vya sehemu, kisha uliza nani amekalishwa wapi. Chetu kilikuwa hivi: chini ya “Jamii ni nini”, Wafaransa na Wajerumani. Chini ya “Matabaka”, Wamarekani. Chini ya “Mji”, Chicago. Chini ya “Familia na Ukoo”, karibu! Mahari, wake wengi, marika, ng'ombe. Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipopewa mkeka. Wao wana miji na matabaka, sisi tuna mashemeji.

Chukua hiyo ya mji. Louis Wirth, 1938: mji ni watu wengi, waliosongamana, wasiofanana, na kwa sababu hiyo undugu unalegea na jirani anakuwa mgeni. Ukiisoma ukiwa Nairobi, kwenye ploti ambayo hujui jina la mtu wa mlango wa pili, unatikisa kichwa. Rudi Isiolo. Asubuhi maziwa ya ngamia yanaingia mjini kutoka malishoni kwa jerikeni, juu ya gari au boda boda, na kina mama, kama wale wa ushirika wa Anolei, wanayapokea, wanayapoza, wanayapakia kwenye basi la kwenda Eastleigh. Kila jerikeni inajulikana ni ya nani. Anayepokea hapa ni shangazi wa anayekamua kule, na anayeuza Eastleigh mara nyingi ni wa ukoo uleule. Pesa inarudi kwa simu kabla ya magharibi. Kama undugu ungelegea, hayo maziwa yangeganda njiani. Mji unakua na ukoo unapata kazi zaidi. Wirth hakuwa mjinga, alikuwa anaitazama Chicago yake. Kichwa chake cha habari ndicho kilichojifanya kinaongea kuhusu miji yote, na mhariri wetu akakubali.

Halafu nikaja kujua kwamba mji wangu una kitabu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, natafuta kitu kingine kabisa kwenye simu, nikakutana na jina: Savanna Town, cha Anders Hjort, kimechapwa Stockholm 1979. Jina lake la pili linataja uhusiano na kijijini na fursa za mjini kaskazini mwa Kenya. Huo mji ni Isiolo. Mwaka huohuo, Stockholm hapohapo, Gudrun Dahl alitoa Suffering Grass, kuhusu Waborana wa Waso, watu wa huku kwetu. Nilikaa kwenye hatua za duka nikiitazama ile skrini kama mtu aliyeonyeshwa picha ya arusi ya wazazi wake. Kumbe tulikuwa na jibu letu kwa Chicago, limekaa rafuni zaidi ya miaka arobaini, na limeandikwa na Msweden, sawa, lakini angalau alikuja.

Siku moja nilipata Nairobi, kwa wale wauza vitabu wa inama, mkusanyiko wa Peter Worsley wa Penguin, Modern Sociology: Introductory Readings, wa 1970. Uliandaliwa kwenda sambamba na kitabu chake cha kufundishia cha mwaka huohuo. Worsley ananichanganya. Huyu ni mtu aliyekuwa kwenye jeshi la King's African Rifles wakati wa vita vya pili, akajifunza Kiswahili, halafu akarudi Tanganyika kufanya kazi ya elimu kwenye ule mradi wa karanga uliokuja kuanguka vibaya. Mwaka wa 1964 aliandika kitabu kizima kuhusu Dunia ya Tatu. Baadaye, akiwa profesa Manchester, aliwachagulia makala wanafunzi waliokuwa mbele yake. Hapo sina neno naye. Aliifanya kazi ya mhariri. Swali langu ni kwa nini mtu wa hapa, mwenye wanafunzi wa Garba Tulla na Kisii mbele yake, anafungua chaguo la mtu mwingine na kulipeleka kwa mama wa fotokopi jinsi lilivyo.

Kuna watu watasema dawa ni kuwatupa wazungu wote nje. Mimi hapana. Ukinitolea Durkheim nitalia. C. Wright Mills ndiye aliyeniokoa, nasema bila utani. Mwaka wa 1959 aliandika kwamba mtu mmoja akikosa kazi kwenye mji wa watu laki moja, hiyo ni shida yake. Watu milioni kumi na tano wakikosa kazi kwenye nchi ya wafanyakazi milioni hamsini, hilo ni jambo la umma, na hutalipata jibu kwa kuchunguza tabia ya mtu mmoja. Sasa sikia. Mvua ilikosa huku kaskazini misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020. Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Ng'ombe wa mjomba waliokuwa wanilipie karo walikufa mmoja mmoja, na mimi nikarudi nyumbani nikijiambia nimefeli. Ukurasa wa kumi na moja wa kitabu changu cha manjano ulikuwa unanijibu muda wote huo, ila sikuuona, manake tuliusoma kama kitu cha Marekani.

Ndio maana ningeuweka Mills karibu na karatasi moja ambayo haimo kwenye mkusanyiko wowote wa sosholojia niliouona: Sessional Paper namba 10 ya 1965. Humo serikali changa ya Kenya ilisema pesa za maendeleo ziende mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Soma hiyo, kisha rudi kwa Davis na Moore. Ni hoja ileile! Wao waliitumia kwa watu, karatasi ikaitumia kwa mikoa. Anayezaa alipwe zaidi, asiyezaa asubiri. Lami ya kutoka hapa hadi Moyale ilikuja kukamilika zaidi ya nusu karne baada ya uhuru. Hakuna aliyetuwekea hizo kurasa mbili pamoja, na zingetosha kwa muhula mzima.

Baada ya hapo ningeongeza Archie Mafeje, aliyefundisha Dar es Salaam, na makala yake ya 1971 kuhusu itikadi ya ukabila, ambapo anauliza hilo neno “kabila” limetoka wapi wakati wenyewe kwao hawana neno lake. Isiolo, mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, ambapo mwanasiasa akisema “jamii yetu” kila mtu anajua ni nani ameachwa nje, Mafeje ni somo la wiki ya kwanza. Na Okot p'Bitek, anapoeleza vile walimu wake Oxford walivyowaita watu wake washenzi, akapinga, na wakaendelea tu.

Mwezi uliopita binti wa jirani aliitwa chuo, kozi hiyohiyo. Nikamletea kitabu cha manjano. Nilikuwa nimetoa Tumin na Mafeje kwenye saiba, pamoja na kurasa mbili za ile karatasi ya 1965, nikazichomeka mahali pake na kuzibana kwa stepla, kwa vile waya wa plastiki hauwezi kufunguliwa ukafungwa tena. Akazipekua, akaona karatasi ni nyeupe kuliko zingine. Akaniuliza kama hizo zitakuja kwenye mtihani. Nikamwambia sidhani.