Fikra ya Usanifu na Nyumba za Maendeleo

Umezuka mjadala mkubwa miaka hii juu ya njia ya kutatua matatizo iitwayo fikra ya usanifu, ambayo ilipata umaarufu kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Njia hiyo humtaka msanifu amwendee kwanza yule atakayekitumia kitu, amtazame katika shughuli zake, alitaje tatizo upya kwa mujibu wa aliyoyaona, kisha aunde kielelezo cha gharama ndogo, akijaribu na kukirekebisha. Kwa Mpemba hilo si geni. Msusi wa dema hujua mkondo wa maji na tabia ya samaki kabla hajakata ufito, na dema lisilovua hufumuliwa likasukwa upya. Lakini dema ni kazi ya mtu mmoja. Tuitazame njia hiyo kwa kazi ya umma, nayo ni nyumba za maendeleo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilijenga majumba ya ghorofa, mwanzo Kikwajuni kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, kisha Michenzani, na huku kwetu Wete, Chake Chake na Mkoani. Shabaha ilikuwa kubwa: mkulima na karani wakae katika nyumba za namna moja, zenye umeme na maji ya mfereji. Shabaha hiyo isingepatikana kwa kumwuliza kila mtu haja yake. Aliyezaliwa katika nyumba ya udongo pengine angeomba makuti mapya tu. Usawa ni wazo la siasa, hauokotwi katika mahojiano. (Nasi watunzi, lau tungetunga kwa kuuliza hadhira inataka nini, tungebaki na tungo za jana.)

Hata hivyo, yako mengi ambayo kuuliza kungaliyafaa sana. Mpemba amezoea kupika uani, moshi ukipaa zake. Mwenye mikarafuu huanika karafuu zake juani siku kadhaa juu ya majamvi, na wingu likitanda huzianua mbio. Wa ghorofa ya tatu ataanika wapi? Kinu kitwangwacho juu ni ngoma kichwani mwa aliye chini. Na siku ya msiba, nyumba isiyo na baraza huwaweka waombolezaji njiani. Haya yote msanifu mwenye masikio angeyajua kabla ya kuchora mstari wa kwanza, na ramani ingebadilika.

Angeyajua, lakini kwa sharti la kukaa. Ajaye kwa wiki mbili nje ya msimu wa karafuu haoni jamvi hata moja.

Tena liko zito zaidi. Kinu cha mmoja ni kero ya mwenziwe, na kielelezo hakiamui nani anyamaze. Paa likivuja, hulowa wa juu peke yake. Wa chini haoni sababu ya kuchanga. Hapo pana haja ya mamlaka, daftari la michango na mtu wa kuulizwa. Nyumba ya makuti ilikuwa na mwenyewe, naye aliiezeka upya kila makuti yalipochakaa. Paa la ghorofa ni la wote, na ramani, hata ingechorwa kwa kuwasikiliza wakaazi neno kwa neno, haionyeshi ni nani atakayenunua saruji ya kuziba ufa.