Pole kwa Usumbufu

Kuna utungo mmoja mfupi ambao kila Mkenya mwenye simu ameshausoma: "Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu. Tutumie namba yako inbox."

Mara ya mwisho niliusoma nikiwa Manyatta, usiku ambao intaneti ilipotea nikiwa na kazi ya kutuma kabla ya saa sita. Kwenye kundi la Facebook la watumiaji tulikuwa tumelalamika watu 12. Kampuni ilitujibu wote 12, maneno yaleyale. Kazi ilichelewa, malipo nikayasahau.

Sasa tuusome kama wahakiki. Adabu ipo, tena tele. Kinachokosekana ni mtendaji. Nani amesumbua? Usumbufu umejitokea tu, kama mvua ya kutoka ziwani. Halafu hiyo "inbox": lalamiko lililotolewa mbele ya watu linavutwa pembeni, na majirani waliobaki hawajui kama waya umekatika ama ni simu zao ndizo mbovu.

Linganisha na sokoni Kibuye. Mwambie mama samaki, wateja wengine wakisikia, kwamba ngege wake amelala. Hakuiti kando mnong'onezane. Anafungua matamvua hapo hapo, kila mtu ajionee wekundu. Na kama kweli amelala, anakubadilishia ama anashusha bei, na wote waliosimama pale wanajua yeye ni mtu wa aina gani. Jibu hilo ndilo tangazo lake.

Si ati tunaomba hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu huduma anazotumia. Habari. Pole si habari.

Lakini tuseme ukweli wote. Namba ya simu ama ya mita haifai kuanikwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikutungwa bure. Hiyo iende inbox. Chanzo cha tatizo na saa ya kumalizika virudi hadharani. Pia, anayejibu mara nyingi ni kijana kama mimi, amepewa majibu ya kunakili na hana ruhusa ya kuongeza neno. Lawama ni ya waliomfunga mdomo.

Mwezi uliofuata, intaneti ilipotea tena. Safari hii fundi wa kampuni ileile aliingia kundini kwa jina lake. Akasema waya umekatwa na wachimba mtaro pale Kondele, wanatarajia kumaliza saa kumi jioni, na wakichelewa atarudi kueleza.

Saa kumi ikapita. Akarudi, akaeleza. Hakuna aliyemtukana, mmoja hata alimuuliza kama amekula.

Intaneti ilirudi saa kumi na mbili. Mimi bado nalipia kwao.