Kibanda cha Chumvi Uvinza: Kusoma Umbo Lisilodumu

Hakuna kibanda hata kimoja cha wapika chumvi wa kale kilichosalia Uvinza. Karibu na makutano ya mito Ruchugi na Malagarasi, magharibi mwa Tanzania, watu wamechota maji ya chumvi chemchemini kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kila kiangazi walichimbia miti, wakaezeka nyasi, wakakoka moto. Mvua zilipoanza, wakahama. Nalisoma jengo hilo kama kibwagizo cha shairi: umbo lililokusudiwa kurudiwa, wala si kudumu. Lilipangwa na majira, kwa kuwa mito ikifurika huzimua chumvi, na kuni mbichi hazichemshi chungu. Paa la miezi michache lilitosha.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita nchi ya Wavinza mwaka 1858 akielekea Ujiji. Kitabu chake cha 1860 kina umbo la msafara: kitu huonekana kando ya njia, kisha wapagazi wanasonga. Katika umbo hilo chumvi hung'aa ikiwa mzigo begani. Aliyeipika, kwa kuwa ameketi, hubaki nyuma pamoja na moto wake. Hapo ndipo naona udhaifu wa masimulizi ya safari, hata yanapoandikwa na mtu mwenye jicho kali.

Ripoti ya uchimbaji ya mwanaakiolojia Sutton na mwanahistoria Roberts, ya mwaka 1968, inasomwa kwenda chini. Inakaa mahali pamoja, tabaka juu ya tabaka, majivu na vigae, hadi takriban karne ya 5 au ya 6. Naipenda zaidi, maana mwendo wake unafanana na kazi yenyewe: msimu huu umelala juu ya ule. Paa limepotea humo pia, lakini meko yapo, na marudio yanaonekana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ilijenga kiwanda cha kudumu, na mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Kibwagizo kikakatika. Kibanda cha nyasi kilikuwa kimempokea hata mgeni, Mha au Mjiji, akaja kupika, akawapa watawala wa Uvinza sehemu ya chumvi yake, akaondoka na iliyobaki. Ukuta wa kudumu ulikuja na mwenye mali wa kudumu, na mpika chumvi akaingia langoni kama kibarua.