Naturalise, tajnisi, kupewa
Kitenzi cha Kiingereza "naturalise" kimebeba asili tumboni: kumfanya mgeni awe kama mzaliwa. Sasa kipeleke Katumba na Mishamo, hapa kwetu Katavi. Mwaka 2014 serikali ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa watu wapatao 162,000, wakimbizi wa Burundi wa 1972 na uzao wao. Aliyezaliwa Katumba mwaka 1980 anafanywa mzaliwa wa wapi tena? Kiswahili cha sheria husema "tajnisi", neno la Kiarabu lenye shina moja na "jinsi", yaani aina. Sijawahi kulisikia sokoni Mpanda. Huko watu husema "amepewa uraia". Hilo naliamini zaidi, maana halijifanyi kuzaa mtu. Linakiri tu kwamba yupo aliyetoa, na wapo waliosubiri miaka 42.